Elimu ya Bahari na Swali la Wajibu

Elimu ya bahari inayofundishwa chuo kikuu hukusanya fani nyingi: fizikia ya mikondo, kemia ya maji, baiolojia, uchumi wa uvuvi, sheria na elimu jamii. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, ni moja ya mahali fani hizo zinapokutana. Swali la kifalsafa ni kama fani hizo, hata zikikaa meza moja, zaweza kusema lipi lifanywe, au huishia kueleza lililopo.

Kilimo cha mwani kinalionyesha vizuri. Kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani aina ya kotoni, wenye bei nzuri kuliko aina nyingine iitwayo spinosi, hauvumilii joto la maji ya kina kifupi: hupauka, hulainika, hukatika kabla ya kuvunwa. Mwanabaiolojia hushauri upelekwe maji makuu, kwenye ubaridi. Ushauri huo ni sahihi, ila hautoshi. Mama aliyezoea kufunga mwani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, mara nyingi hana chombo wala hajui kuogelea. Suala la joto limekwisha kuwa suala la mali, jinsia na stara, na hapo mwanauchumi na mwanajamii huitwa. Maelezo huongezeka. Lakini kwamba mama huyo anastahili kuendelea kulima, badala ya kuwaachia bahari wenye boti, hakupatikani kwenye kipimajoto wala kwenye dodoso. Hukumu hiyo ina chimbuko lingine, na watafiti huweza kuipenyeza kimyakimya kana kwamba ni tokeo la utafiti.

Kisiwani Misali, magharibi ya Pemba, chimbuko hilo lilitajwa waziwazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 taasisi ya Kiislamu ya mazingira iliyoasisiwa Uingereza na Fazlun Khalid ilishirikiana na shirika la CARE kufundisha uhifadhi kwa msingi wa Kurani, ili kuzuia baruti na uvuvi mwingine haribifu. Binadamu ni khalifa, viumbe ni amana. Nayo aya ya 41 ya Sura Rum inahusisha ufisadi wa bara na bahari na matendo ya watu.

Amana, bila shaka, haisemi mwamba wa pweza ufungwe kwa wavuvi miezi mingapi ili pweza wakue. Hilo hutegemea kasi ya kukua kwa pweza, na hiyo ni kazi ya baiolojia. Ugumu uko upande wa pili. Wataalamu wakichora mpaka wa hifadhi kwanza, kisha wakamwita sheikh autangaze msikitini, dini imegeuzwa kipaza sauti. Hoja ya amana ikikubaliwa humfunga mtaalamu pia. Mvuvi aliyezuiwa kufika mwamba aliorithi, bila kushauriwa wala kupewa riziki mbadala, anaweza kuitumia hoja ileile kudai kwamba amedhulumiwa, na chuo kilichoikaribisha dini mezani hakina budi kumjibu.