Tunatafuta Laana, Tunaruka Deni

Somo: Hesabu 27:1-7, Ezekieli 18, Mathayo 1



Tangu tutangaze ile wiki ya kufunga na kuombea koo zetu, watu wamekuwa wakinijia na karatasi. Mmoja ana kipande cha babu yake. Mwingine amepiga picha mawe ya makaburi kwa simu. Dada mmoja amechora mti wa ukoo kwenye kitabu cha mazoezi na kuweka alama nyekundu kwa kila aliyekufa mapema, kila aliyeachika, kila mlevi. Anataka kujua mlango ulifunguliwa wapi. Na wengine wananiuliza kwa sauti ya chini kama ni dhambi hata kugusa mambo hayo. Mtu aliyeokoka anaenda kufanya nini makaburini?

Hilo la mwisho ni fupi, wacha nilimalize. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kuuliza wafu. Kusoma karatasi si kuuliza wafu. Ibrahimu alinunua pango la Makpela kwa shekeli 400, mbele ya mashahidi langoni pa mji, na Mwanzo 23 imeandika shamba, pango na hata miti iliyokuwa ndani ya mipaka. Hiyo ni hati ya mauzo, si tambiko. Yakobo akiwa Misri karibu kufa, alijua ni nani wamelala pale na akawataja kwa majina. Anachoonya Paulo kwa Timotheo na kwa Tito ni zile nasaba zisizo na mwisho ambazo matunda yake ni mabishano. Kama unatafuta ukoo ili uwaambie watu babu yako alikuwa chifu, wewe umeshaonywa. Kama unaenda kaburini kung'oa magugu na kusoma jina, nenda, na ubebe panga na maji ya kunywa.

Shida yangu iko kwa swali la kwanza, la ule mlango.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwa huduma, na katika ukaguzi wa hesabu tulifundishwa kwamba ukipewa karatasi yoyote, kabla ya kuamini inachosema, uliza ni nani aliiandika na alikuwa anataka nini. Hilo swali linafaa sana kwa mambo ya ukoo. Chukua kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Mwanaume Mwafrika alitakiwa kukibeba kila aendako, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kisanduku cha chuma. Ndani yake kuna alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza na siku aliyoachishwa. Ukikipata kwa sanduku la babu yako utashukuru Mungu, kwa sababu kitakuambia alikuwa wapi mwezi fulani wa mwaka fulani. Lakini kiliandikwa ili mzungu wa shamba ajue kama kijana ametoroka. Hakikuandikwa ili wewe umjue babu yako. Na nyanya yako hayumo. Wanawake hawakubebeshwa kipande, kwa hivyo ukifuata karatasi hizo peke yake utafikiri ukoo wako ulikuwa wa wanaume watupu waliozaana wenyewe.

Makaburi nayo yana mapengo yao. Kwetu Murang'a, zamani waliozikwa walikuwa wachache, wazee wenye mali na watoto. Wengine walipelekwa porini. Kaburi la kila mtu lilikuja na misheni na serikali ya ukoloni. Ukienda kutafuta kaburi la mama wa babu wa babu yako, hulipati, na si kwa sababu ukoo ulimdharau. Siku hizi tena kaburi limekuwa ushahidi kortini: ukizika mtu shambani, watoto wake watasema, sisi ni wa hapa, baba amelala hapa. Kwa hivyo mahali mtu alipozikwa panasema jambo, na mahali alipokataliwa kuzikwa panasema zaidi.

Wacha nieleze la nyumbani kwetu. Shangazi yangu ameniruhusu niliandike bila majina.

Kuna picha ya guka, baba mzaa baba, iliyopigwa studio, nyuma yake pazia lenye maua. Ameketi na cucu, na watoto saba wamesimama na kuketi, mdogo yuko magotini. Wanne ni wavulana na watatu ni wasichana. Guka alipofariki katika miaka ya tisini, familia ilienda kortini kufuata urithi, na kama kawaida ikachukua barua ya chifu yenye orodha ya warithi. Nakala yake iko ndani ya faili. Orodha ina majina manne.

Mmoja wa wale wasichana watatu ameshafariki. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa ndoa, na nilipomtafuta kaburi nilionyeshwa na jirani. Liko nje ya ua, karibu na barabara, halina msalaba wala jina. Jirani ndiye aliyenieleza kwamba aliwekwa huko ili watoto wake wasije wakasema lolote juu ya shamba. Wa pili yuko Nakuru na bwana yake. Wa tatu, yule wa magotini, amepanga chumba kimoja Thika na anauza mboga.

Nilipoanza kuuliza, mmoja wa wazee wetu, ambaye pia ameokoka na ni mtu wa maombi, aliniambia, "Mchungaji, wachana na makaburi. Utaamsha mapepo." Alisema kwa upendo. Lakini nimekaa na hayo maneno, na ninaona ndani yake jambo ambalo linatupata wengi. Huyo mzee hana neno nikikusanya ukoo mzima usiku wa manane na mafuta ya upako kuvunja laana ya umaskini. Atakuja, na atanguruma kwa lugha kuliko mimi. Asichotaka ni nihesabu watoto kwenye picha.

Unaona tofauti? Laana haina mtu wa kulipwa. Unaikemea, unalia, unapaka mafuta, unarudi nyumbani umechoka na umefurahi, na hakuna kitu kimetoka mfukoni mwako. Deni lina mwenyewe. Mwenyewe ana jina na nambari ya simu na yuko Thika na ndoo ya sukuma.

Sisemi hakuna vita vya rohoni katika koo. Nimeombea watu, najua ninachokiona. Lakini Wagalatia 3 inasema Kristo ametukomboa katika laana, na Ezekieli 18 Mungu anaikataa kabisa ile methali ya baba kula zabibu na mtoto kulipa kwa meno yake. Mwana hatabeba uovu wa baba. Hapo pamefungwa. Hata sheria ya Kenya inaelekea huko: mtu akifa, madeni yake yanalipwa kutoka kwa mali aliyoacha, na mdai hana ruhusa ya kuja kubeba kochi la mtoto wake. Hatia ya guka si yangu. Lakini angalia vizuri. Kama kitu cha mtu kimo ndani ya ile mali aliyoacha, na mali hiyo sasa iko mikononi mwangu, basi swali si tena la hatia ya guka. Ni la mikono yangu. Ezekieli huyo huyo, anapoeleza mtu mwenye haki, anataja kati ya mambo yake kurudisha rehani ya mdaiwa.

Sasa soma Hesabu 27. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa wanasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani na mkutano wote. Wanataja dhambi ya baba yao waziwazi: hakuwa katika kundi la Kora, lakini alikufa kwa dhambi yake mwenyewe. Ungetarajia Musa aseme, binti zangu, hapa kuna jambo la ukoo, tufunge siku tatu. Musa analeta neno lao kwa Bwana, na Bwana anasema wamenena haki, wapewe urithi. Dhambi ya baba imetajwa kwa sentensi moja. Sura inaendelea na mambo ya ardhi.

Na Mathayo 1. Angeweza kuandika Bathsheba. Aliandika kwamba Daudi alimzaa Sulemani kwa mke wa Uria. Katika orodha ya ukoo wa Bwana wetu, mtu aliyedhulumiwa ameandikwa kwa jina lake. Mti wa ukoo uliochorwa na Roho Mtakatifu haukuacha Uria nje ya ua.

Kuna hoja moja nzito upande wa pili na siwezi kuiruka. Marehemu hawezi kujitetea. Guka na watu wa rika lake waliamini binti aliyeolewa ameenda kwao, na shamba ni la wavulana. Hakuna aliyejiona mwizi. Tena mambo ya ardhi Murang'a yalikuwa magumu tangu mwanzo. Mashamba yaliunganishwa na kupimwa miaka ya hali ya hatari, wengine wakiwa kizuizini, na mara nyingi jina la mtu mmoja liliandikwa kwa niaba ya nyumba nzima. Mahakama ya Juu mwaka 2018 ilikubali kwamba jina lililoko kwa hati linaweza kuwa limeshikilia ardhi kwa amana ya ukoo. Kwa hivyo tusimhukumu mzee wa 1958 kwa macho ya leo. Nakubali kabisa, na ndiyo maana sitaki kumpaka guka matope hapa. Alikuwa mtu mpole na alinifundisha kusoma saa.

Lakini Sheria ya Urithi ilianza kutumika mwaka 1981, na haimtengi binti. Barua yetu ya chifu ni ya miaka ya tisini. Kifungu cha 76 kinaruhusu korti kufuta hati ya urithi iliyopatikana kwa kuficha jambo la maana. Nyakati zinaeleza kwa nini guka hakugawa. Hazielezi kwa nini wanawe, wakijua dada zao wako hai, waliapa mbele ya korti kwamba hawapo. Na hazinielezi mimi, ambaye nimeshaona picha.

Wako wanaouliza, si itavunja amani ya familia? Amani ya nani? Shangazi hajakuwa na amani tangu matanga. Nilipoenda kumwona hakulia wala kuhubiri. Alisema anataka robo eka, si ya kuuza, na dada yake ahamishwe ndani ya ua. Wazee wawili wamekubali robo eka. Mmoja hajakubali. Kuhusu kuhamisha kaburi, kuna kibali cha serikali kinachohitajika, na nimeanza kukiulizia.

Ijumaa kwenye mkesha, mliochora mti wa ukoo njooni nao. Zile alama nyekundu ziacheni. Chukueni picha ya zamani kabisa mliyo nayo nyumbani, hesabuni watu, kisha linganisheni na majina yaliyo kwenye hati ya shamba. Wasiokuwepo waandikeni pembeni, na kama wako hai, andikeni na simu zao. Ofisi ya ardhi ya kaunti ina rejesta ya kila shamba lililosajiliwa, ile kadi ya kijani, inayoonyesha wenye shamba wote tangu mwanzo. Kama haujui kuisoma, mimi niko ofisini hapa kanisani Jumanne, saa tatu hadi saa sita.