Onyo Lililojengwa kwa Matofali

Nyuma ya jumba la Uppark, juu ya kilima huko West Sussex, kusini mwa Uingereza, yapo majengo mawili ya matofali ya karne ya 18. Moja lilikuwa la farasi, jingine la jiko na udobi. Hayagusani na jumba. Yanaunganishwa nalo kwa njia zilizochimbwa chini ya ardhi. Watumishi walipita humo na sahani mikononi, wakikaza mwendo ili chakula kisipoe kabla ya kufika mezani.

Kwa nini taabu yote hiyo? Wenye majumba kama hayo hawakutaka moshi, harufu wala pitapita za watumishi. Lakini pia waliuogopa moto. Meko na matanuri yaliwaka kutwa, na ndani ya jumba kulijaa mbao. Kwao, afadhali nyama ipoe kuliko nyumba iungue.

Tarehe 30 Agosti 1989, moto uliingia Uppark kwa mlango mwingine. Mafundi walikuwa juu wakikarabati metali ya risasi ya paa, wakiunganisha vipande kwa moto wa gesi. Kazi ilikuwa ya nia njema kabisa, ya kulitunza jumba, na ilikuwa imebaki siku chache tu kwisha. Joto likapenya hadi kwenye mbao. Jioni ile paa lilikuwa likiporomoka, sakafu moja ikiangukia nyingine. Wafanyakazi, wazima moto na watu wa kujitolea walipanga mstari, wakipokezana picha, viti na mazulia hadi kwenye majani ya bustani. Vitu vingi vya vyumba vya chini viliokoka; vya ghorofa ya juu viliteketea. Jumba lilikuja kufunguliwa tena mwaka 1995, baada ya miaka ya kuchekecha kifusi na kurudishia kipande kwa kipande.

Ndugu msomaji, tuziangalie dalili, maana zilikuwapo. Risasi ni metali, na metali hupitisha joto: unachoma juu, ubao unaungua chini. Mbao zenyewe zilikuwa zimekauka kwa karibu karne tatu. Chini ya paa kulikuwa na uwazi usioonekana kwa jicho, mahali ambapo cheche inaweza kufuka kimyakimya mpaka iwe moto. Na kazi ilikuwa ukingoni, wakati ambao binadamu yeyote hulegea. Juu ya yote, ua wenyewe ulikuwa na onyo: majengo yale mawili, yaliyojengwa mbali na jumba na wazee walioujua moto. Usiku ule jumba liliwaka, yenyewe yakasalimika.

Sisemi haya kuwahukumu mafundi wale. Mimi mwenyewe nimewahi kumwacha fundi akichomelea nondo za dirisha, juu yake kenchi za mbao, pembeni magodoro ya wageni. Nikaingia ndani kunywa chai. Niliisikia harufu ya kuungua, nikajiambia ni chuma tu. Nilinusurika, lakini si kwa busara yangu.

Basi tuwe na desturi. Kabla ya kuchomelea popote, tuulize kama kazi inaweza kufanyika bila moto. Isipowezekana, tuondoe kila kinachoshika moto, na ndoo za maji ziwe karibu. Moto wa kuchomelea ukizimwa, mtu asiondoke: akae saa nzima au zaidi, anuse, apapase mbao kwa kiganja, achungulie upande wa pili. Na kazi ya moto isiwe ya mwisho kabla ya kufunga na kwenda nyumbani.

Ukiona jiko la zamani limejengwa mbali na nyumba, usidhani waliolijenga walipenda kutembea. Jiulize walikuwa wakikimbia nini, kisha utazame kilichopo chini ya paa lako.