Dhamana ya Mgeuzaji

Mtu hupata kitu kilichotengenezwa na mwingine, akakigeuza kwa mikono yake, kisha akakiita chake. Je, ana haki ya kukiita hivyo? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa lihusulo uhuru wa mtu na haki ya jirani yake. Fuatana nami, msomaji, tulichungue.

Tuseme yuko kijana akaaye Elgon View, katika mji wa Eldoret. Amepata sanduku la vipande vya roketi ndogo ya mfano. Mna mwili wa karatasi ngumu, ncha ya plastiki, mapezi matatu ya mbao nyepesi, parachuti ya kuishusha polepole, na injini ndogo ya baruti iliyoshindiliwa tayari kiwandani. Mna pia karatasi ya maagizo. Mwenye kuyafuata hatua kwa hatua atapata roketi inayoruka. Lakini kijana huyu hataki roketi iliyo sawa na ya kila mtu. Anataka mapezi yawe madogo, yenye umbo la bawa la mbayuwayu, na karibu na mkia anataka kupachika kamera ndogo ili aione nchi yake kutoka juu.

Wako watakaomlaumu kwamba anaharibu kazi ya fundi. Lawama hiyo si ya haki. Kazi nyingi za binadamu zilizaliwa kwa kugeuza kazi za waliotangulia, na ushahidi tunao hapa hapa Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa nchi, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, ikachunguze miale ya eksirei itokayo angani. Roketi iliyoibeba iliitwa Scout. Injini zake zilitokana na zile zilizobuniwa kwa ajili ya roketi nyingine za Marekani. Wahandisi walizitengeneza upya, wakazipanga moja juu ya nyingine, wakapata chombo kipya. Hakuna awaitaye waharibifu.

Basi kugeuza si kosa. Limebaki swali la pili: mgeuzaji huchukua nini pamoja na sifa?

Maagizo ya sanduku ni ahadi. Aliyeyaandika amekwisha kupima, kurusha, kukosea na kusahihisha, na sasa anakwambia kwamba ukifanya hivi itaruka vile. Ahadi hiyo ni ya roketi ile tu. Siku kijana akatapo pezi kwa wembe, ahadi imekwisha. Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Aliyekibadili chombo asitegemee nyota ya aliyekiunda.

Sababu yake si fumbo. Kila roketi ina mahali pa mizani, ambapo ukiiweka juu ya kidole hutulia bila kuinama mbele wala nyuma. Ina pia mahali pa pili ambapo nguvu ya hewa huisukuma, kana kwamba imekusanyika hapo, roketi inapoyumba. Mahali pa mizani sharti pawe karibu zaidi na ncha kuliko pale pa hewa, kwa kadiri ya upana wa mwili wa roketi au zaidi. Hapo mapezi huirudisha njiani kama manyoya yauongozavyo mshale. Ukipunguza mapezi, mahali pa hewa husogea mbele. Ukiongeza uzito mkiani, mahali pa mizani hurudi nyuma. Kijana wetu amekusudia kufanya yote mawili! Roketi yake ikiwashwa itapinduka na kwenda isikoelekezwa.

Lakini anaweza kujua hayo kabla ya kuwasha. Aifunge uzi mahali pa mizani, injini ikiwa ndani, kisha aizungushe juu ya kichwa chake. Ikitangulia ncha, yaelekea ni thabiti. Ikitangulia mkia au ikiyumba, airudishe mezani, aihamishe kamera karibu na ncha, ayapanue mapezi, ajaribu tena. Akumbuke pia kwamba Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Malindi, hivyo parachuti ile ile huanguka kwa kasi zaidi, na kamera imekwisha kuongeza uzito.

Sasa tumfikirie jirani. Elgon View ni mtaa wa nyumba za watu, na mwenye roketi amejichagulia hatari yake. Mwenye paa hakuchagua. Kwa hiyo roketi itengenezwe nyumbani, lakini irushwe uwanja wazi, kwa ruhusa ya mwenye uwanja na ya wakuu wanaohusika. Na huko mashambani, baada ya mavuno ya mahindi na ngano, mabua makavu hushika moto upesi. Cheche moja yaweza kula lishe ya ng'ombe wa mtu ambaye hakusikia hata neno roketi.

Huenda ukasema kwamba tahadhari nyingi huua ubunifu. Historia yasema vingine. Sputnik iliporushwa mwaka 1957, vijana wengi wa Marekani walijitengenezea roketi kwa mabomba ya chuma na baruti za kuchanganya wenyewe, na baadhi yao waliumia vibaya. Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk, Nebraska, alikuwa amebuni roketi ya karatasi yenye injini iliyotengenezwa tayari. Alimpelekea Harry Stine, aliyewahi kufanya kazi katika uwanja wa kujaribia makombora, na Stine akaandika kanuni za usalama. Kanuni hizo hazikuwafungia vijana anga, ziliwafungulia. Leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, huko Juja, hubuni na kurusha roketi zao katika mradi uitwao Nakuja.

Turudi kwenye swali letu. Roketi ile itakuwa ya kijana lini? Wengine watasema siku aliyoinunua, wengine siku aliyoipaka rangi na kuiandika jina. Mimi nasema ni siku atakapoweza kumtazama jirani usoni na kumwambia: “Nimeipima, najua itakavyokwenda, na ikikudhuru nitajibu mimi.” Ikipaa, sifa ni zake. Ikianguka, asiulaumu upepo wala kiwanda, bali aokote vipande na kuuliza alikosea wapi. Sifa na lawama ni ndugu wa tumbo moja. Hufungui mlango kwa mmoja ukamfungia mwingine.

Nawe, msomaji, utageuza mengi maishani: kazi uliyoikuta, desturi uliyorithi, pengine sheria za nchi yako. Geuza, maana dunia haiendi mbele kwa kunakili tu. Lakini kabla ya kuwasha moto, zungusha uzi kwanza. Chako hasa ni kile ambacho uko tayari kukijibia.