Kusamehewa Wajibu na Kunyimwa Haki

Mama mmoja wa Pumwani aliombwa na halaka yetu azungumze na vijana wanaojifunza ualimu wa madrasa. Mwanawe ni mzito wa kufahamu. Akawaambia: "Wanangu, kila chuo nilichobisha hodi niliambiwa mtoto huyu hana taklifu, akae nyumbani apumzike. Nami sikwenda kumtafutia taklifu, nilimtafutia mwalimu."

Tuliinamisha vichwa, maana jibu hilo na sisi tumepata kulitoa, tukalidhani huruma. Sharia humsamehe mja wajibu asiouweza. Wapi ilipomsamehe mwalimu wajibu wake? Surat Abasa iliteremka kwa sababu ya Ibn Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutaka ilimu, na lawama haikumwendea yeye. Serikali nayo iliweka chuo cha KISE hapa Nairobi tangu 1986, kufundisha walimu wa watoto kama hawa. Ni maustadhi wangapi wa Majengo na Eastleigh waliofika mlangoni pake?

Kijana mmoja akauliza: "Mama, tumwanzie wapi?"

Akajibu: "Akisikia dua huitikia Amin. Mwanzieni hapo."