Usafi wa Nyumba na Wingi wa Chupa

Yamkini wako watakaocheka wakiona kwamba mwezi huu twaandika habari za sabuni, jivu na ufagio. Watasema, Hayo ni mambo ya jikoni, yawahusu nini wachungaji? Nasi twakiri kwamba zamani tungalisema vivyo hivyo. Lakini jambo moja lililotokea katika mtaa wa usharika wetu lilitufumbua macho.

Katika mtaa ule ni desturi ibada ya jumuiya kuzunguka nyumba kwa nyumba. Mama mmoja mjane, mwenye watoto watatu, kila zamu yake ilipokaribia alileta udhuru. Mara ya kwanza alisema ana safari. Mara ya pili, mtoto ana homa. Mara ya tatu hakusema neno, ila hakuonekana tena ibadani. Wazee wa kanisa wakadhani amepoa katika imani. Tulipomwendea tulimkuta uani, na ua wake umefagiwa hata alama za chelewa zaonekana mchangani kama mistari ya daftari. Sufuria zake zilikuwa zimeanikwa juu ya kichanja, nazo zang'aa. Tukamwuliza sababu ya kutukimbia. Akainama, kisha akajibu kwamba jumuiya ilipokutana kwa jirani yake, wageni waliisifu sana harufu ya sakafu, wakauliza na jina la dawa iliyotumika. Yeye hana dawa ile, wala hana fedha ya kuinunua. "Mchungaji," akasema, "nyumba yangu hainukii."

Neno hilo tulilichukua moyoni siku nyingi.

Lugha yetu hutofautisha kunuka na kunukia. Kitu kilichooza hunuka, na ua lililochanua hunukia. Lakini kati ya hayo mawili iko hali ya tatu, nayo ni kutokuwa na harufu yo yote. Sahani iliyooshwa vema na kusuuzwa hainuki wala hainukii. Shuka iliyokaushwa juani hali kadhalika, ila labda kidogo huchukua harufu ya upepo. Hali hiyo ya tatu ndiyo usafi. Manukato si usafi. Ni kitu kilichoongezwa juu yake, na mara nyingine huwekwa mahali pake. Twajua sakafu zilizonukia maua, na kitambaa kilichozipangusa kilikuwa cheusi hata hakuna aliyetaka kukishika. Nyumba ya mama yule ilikuwa safi kuliko nyumba nyingi tunazoingia. Ila sisi wenyewe, pasipo kuhubiri, kwa sifa zetu tu tulipokaa kwenye viti vya watu, tulikuwa tumemfundisha kwamba nyumba isiyonukia haifai kupokea Neno la Mungu.

Basi tuliporudi nyumbani tulifungua kabati letu wenyewe, maana si haki kumhukumu jirani kwa kabati lake. Tukahesabu chupa na makopo 11. Iko ya sakafu na ya vioo, iko ya choo na ya vyombo, iko ya meza za mbao, ya zulia (nasi zulia hatuna), na nyingine ambazo hata mke wetu hakukumbuka zilinunuliwa kwa kazi gani. Tulipoyasoma maandiko madogo ya nyuma tuliona kwamba nyingi zao ni maji, na kitu cha jamii ya sabuni, na rangi, na manukato. Jina la mbele ndilo lililobadilika.

Hatusemi kwamba mwenye kuuza dawa ya sakafu atenda dhambi. Biashara ni kazi ya halali. Lakini na tuangalie jinsi atuitavyo. Katika matangazo hatuambiwi tu kwamba dawa hii huondoa uchafu. Twaonyeshwa mama anayeona haya mbele ya wageni wake, kisha mama mwingine anayesifiwa na mama mkwe. Kwanza aibu yaletwa nyumbani bure, halafu dawa ya aibu ile yauzwa kwa chupa. Na kwa kuwa aibu haioshwi kwa sabuni, mwezi ujao twanunua chupa nyingine.

Tena kazi ya kusafisha yenyewe si siri. Sabuni hufanyizwa kwa mafuta na magadi makali. Kila chembe yake ndogo ina ncha mbili: moja hupenda maji, ya pili hupenda mafuta. Ncha ipendayo mafuta huushika uchafu, ncha ipendayo maji huyashika maji, na mtu akisugua na kusuuza, uchafu hauna budi kuondoka. Kipande cha sabuni ya mche hufanya hivyo kwenye nguo, kwenye sahani, kwenye sakafu na kwenye mikono, wala hakiulizi jina la kitu kinachooshwa. Virusi vya korona vina ngozi ya nje yenye mafuta, na sabuni huivunja. Ndiyo sababu mwaka 2020, wakati mataifa yenye hospitali kubwa yalipotetemeka, shauri lililotolewa kwa tajiri na maskini lilikuwa moja, nasi tuliweka milangoni mwa makanisa ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni.

Wazee wetu hawakujua habari za ncha mbili, lakini kazi waliijua. Jivu la kuni lina chumvi zilizo jamaa na magadi. Kwa hiyo hula mafuta, na chembe zake hukwaruza masizi ya sufuria. Majani ya msasa ni makali hata mafundi walilainishia mbao kwa hayo, na karatasi ya seremala yaitwa msasa hata leo kwa sababu yake. Dodoki hutambaa juu ya ua pasipo kuombwa. Limau huondoa kutu na madoa ya maji ya chumvi, na jua lina kazi kubwa juu ya magodoro na mikeka. Twaona ajabu kwamba watu huhifadhi magodoro yao gizani mwaka mzima, kisha hununua dawa ya kuyanukiza.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 5, twasoma habari za Naamani, jemadari wa Shamu. Alikuja kwa nabii na fedha na dhahabu na mavazi, akitazamia jambo kubwa. Akaambiwa aende akaoge mtoni mara 7. Akakasirika. Watumishi wake ndio waliomwuliza kama asingalilifanya jambo gumu angaliagizwa. Twadhani hasira ile ingali ndani yetu. Neno jepesi hatuliheshimu, kwa kuwa kila mtu aweza kulitenda, na likitendwa halimpi mtu sifa kuliko jirani yake.

Hata wenye elimu hawakusalimika. Huko Vienna, mwaka 1847, mganga mmoja jina lake Ignaz Semmelweis aliona wanawake wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi iliyohudumiwa na waganga. Mwezi wa Aprili walikufa zaidi ya 18 katika kila 100. Katikati ya Mei akaagiza kwamba kila atokaye kupasua maiti anawe mikono kwa maji yaliyotiwa chokaa yenye klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Mwezi wa Juni waliokufa hawakufika 3 katika 100. Beseni moja na dawa moja! Walakini wengi wa waganga wenzake walimdharau. Na katika siku zetu, Septemba 2016, idara ya Serikali ya Marekani isimamiayo chakula na dawa ilikataza vitu 19, triklosani kikiwa kimojawapo, visitiwe katika sabuni za kunawia ziuzwazo kwa watu kama sabuni za kuua vijidudu. Sababu yake ni kwamba waliozitengeneza hawakuweza kuonyesha kwamba ni salama kwa kutumiwa kila siku miaka mingi, wala kwamba zashinda sabuni ya kawaida na maji. Watu walikuwa wamezilipia miaka mingi.

Hasara ya fedha ni ndogo kuliko hatari nyingine, nayo twataka wainjilisti na waalimu waitangaze mitaani. Katika nyumba moja tuijuayo, wageni walikuwa njiani, na mama wa nyumba alitaka choo kiwe cheupe. Binti wa kazi akamimina dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, na juu yake dawa ya choo yenye asidi, akidhani kwamba mbili zitashinda moja. Hewa iliyotoka ilimkaba koo. Alikutwa ameketi mlangoni, machozi yanamtoka, hawezi kusema. Mungu alimhurumia, akapona. Hewa ile ni klorini yenyewe, ile ile iliyofunguliwa juu ya askari karibu na Ypres, nchi ya Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Siki nayo ikichanganywa na dawa ya klorini huitoa, kadhalika limau. Na dawa zenye amonia hutoa sumu ya namna nyingine. Binti yule hakuwa mjinga. Hakuna aliyempa habari, na kabati lilijaa. Twauliza, ni nani angaliulizwa damu yake, kama angalikufa kwa ajili ya weupe wa choo?

Walakini haifai kukimbia kosa moja na kuangukia lingine. Wako wasemao kwamba kila kitu cha asili ni chema na kila kitu cha dukani ni kibaya. Sivyo. Kipindupindu kikiingia, siki na limau havitoshi. Yahitajiwa klorini, iliyopimwa. Ikiwa dawa ina nguvu ya 5 katika 100, kikombe 1 kwa vikombe 9 vya maji hutoa maji ya kupangusia mahali palipochafuliwa na mgonjwa. Nayo hufanya kazi vema baada ya uchafu kuondolewa kwanza kwa sabuni, maana uchafu huimaliza nguvu yake. Tena wengi huchanganya magadi na siki, wakifurahia povu. Povu lile ni vita vya vitu viwili vinavyouana. Likiisha, hubaki maji yenye chumvi kidogo. Kila kimoja peke yake kina kazi yake. Basi nyumbani kwetu tumeamua vitu vinne: sabuni ya mche, magadi, limau au siki, na chupa moja ya klorini iwekwayo juu, mbali na watoto. Mwingine aweza kuamua vitatu au vitano, hatutungi sheria.

Maana Bwana wetu alipobishana na Mafarisayo juu ya kunawa na kuosha vikombe, katika Injili ya Marko mlango wa 7, hakuyakataza maji. Alikataza maji yasifanywe mizani ya kupimia watu. Tungekuwa Mafarisayo wapya kama tungeanza kuhesabu chupa za jirani zetu na kuwasuta.

Akina mama wa usharika walitujibu neno moja ambalo ni la haki, nasi lilituumiza. Walisema, Ninyi wanaume mwasifu jivu na msasa kwa kuwa si ninyi msuguao. Chupa huokoa dakika, nasi dakika hatuna. Hilo ni kweli. Ingawa kazi iliyo nzito kuliko zote ni kuchota maji, na hakuna chupa ichotayo maji, hata hivyo kusugua sufuria kwa jivu huchukua mkono. Basi swali ni mkono wa nani. Dr. Martin Luther aliandika mwaka 1522 juu ya maisha ya ndoa, akamtaja baba afuaye nepi za mtoto wake. Watu humcheka wakimwita mpumbavu, lakini Mungu na malaika wake humfurahia, kwa kuwa baba yule hufanya hivyo kwa imani. Tumewafundisha vijana wa kipaimara Katekisimo Ndogo ya mtu huyo miaka mingi. Habari ya nepi hatukuwafundisha. Mwaka huu tumeanza. Wavulana walicheka, na baba mmoja alikuja kulalamika.

Mama yule mjane aliipokea jumuiya mwezi uliofuata. Tuliketi juu ya mikeka aliyoianika tangu asubuhi, ingali na joto la jua. Kabla ya siku ile tulikuwa tumepatana na wazee kwamba katika nyumba yo yote mtu asiisifu harufu wala asiulize jina la dawa, ila amshukuru mwenyeji kwa kutukaribisha. Mzee mmoja alisahau, akaanza kuuliza jinsi sufuria zilivyong'arishwa. Lakini mama akajibu upesi, na kwa furaha, hata akaenda kumletea majani ya msasa ayaone.

Chupa zetu 11 hatukuzitupa, kwa kuwa zilikwisha lipiwa, wala si vema kuzimimina karibu na kisima. Twazimaliza moja moja pasipo kununua nyingine. Zimebaki 3. Moja ni ile ya vioo, nayo yaelekea itatudumu miaka mingi, maana madirisha yetu yenye vioo ni mawili tu.