Kulipia Kazi ya Mwenzio

Howard, Willis na Alden Eaton walikuwa ndugu watatu waliofuga ng'ombe huko Dakota, Marekani. Rafiki zao wa mijini walizoea kuja kuwatembelea, wakila na kupanda farasi bure kwa majuma mengi, hata mwaka 1882, husimuliwa, mgeni mmoja akaona haya akaomba alipe. Mwaka 1904 ndugu hao walihamia Wyoming, chini ya milima ya Bighorn. Leo ranchi nyingi za huko hupokea watu wanaotoa fedha ili wapande farasi na kusaidia kuswaga ng'ombe.

Mimi niliyechunga mbuzi utotoni nilicheka niliposikia habari hii. Nani angetoa senti yake ili anishikie fimbo yangu? Lakini kicheko kilipokwisha, swali lilibaki: je, kuifanya kazi ya mtu mwingine kuwa mchezo wako si kumdhihaki?

Wako wanaosema ndiyo. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Mapaja yaliyochubuliwa na tandiko huuma vilevile, uwe umelipa au umelipwa. Ndama aliyechomoka kundini hajui nani mgeni, na farasi hutambua upesi mkono wenye woga unaoshika hatamu. Tena, bei ya ng'ombe ilipoanguka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, fedha za wageni ziliziokoa ranchi kadhaa zisifungwe. Dhihaka gani hiyo inayomlisha mdhihakiwa?

Shida naiona mahali pengine. Katika majira ya baridi ya 1886 hadi 1887, theluji na barafu viliyafunika malisho ya nyanda hizo, ng'ombe wakafa kwa maelfu na wafugaji wengi wakafilisika. Mgeni huja kiangazi. Anapata jua, vumbi, uchovu mtamu na usingizi mzito, na vyote ni vya kweli. Asichoweza kukinunua ni kule kutokuwa na pa kwenda. Basi akirudi kwake na kusema, "Sasa nayajua maisha ya wachungaji," hapo ndipo ninapomkatalia, hata kama alijifunza kupanda farasi vizuri kuliko wenziwe.

Kijana aliyemkazia mkanda wa tandiko bado atakuwapo Januari, akiwapelekea ng'ombe nyasi kavu juu ya theluji, na hakuna atakayemlipa mwenye ranchi ili ampokee zamu.