HOTUBA YA IJUMAA: HOFU YA MWANAFUNZI NA DUA YA NABII MUSA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, na hasa wewe kijana unayesoma karatasi hii, nakuusia pamoja na nafsi yangu tumche Mungu.

Juma hili, baada ya sala ya isha, kijana mmoja wa msikiti wetu alibaki nyuma. Amepata diploma ya Leta, na sasa ameandikishwa iniversite, mwaka wa kwanza wa udaktari. Nikampongeza, naye akainamisha kichwa. Akasema: "Shehe, naogopa. Kwetu hakuna aliyefika huko. Masomo yote ni ya Kifaransa, silabusi ni nene, na wanasema mwaka wa kwanza wanaingia wengi, wanavuka wachache. Mama anauza mchele ili nilipe. Nikianguka, nitamtazama kwa macho gani?"

Nililomjibu yeye ndilo ninalokuandikia wewe.

Kwanza, hofu si dhambi, wala si alama kwamba Mungu amekufungia mlango. Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni hakujidai shujaa. Alimweleza Mola wake hofu yake waziwazi. Akaomba kifua chake kikunjuliwe, kazi yake iwe nyepesi, fundo la ulimi wake lifunguliwe, na ndugu yake Haruni awe msaidizi wake. Mungu akampa aliyoyaomba. Lakini angalia: hakumwondolea safari. Musa alikwenda kwa Firauni vilevile.

Pili, Kifaransa. Wakati wa Wabelgiji, wazee wetu wengi wa Maniema walikataa kupeleka watoto shuleni, kwa kuwa shule zilikuwa za misheni, wakaogopa watoto watabatizwa. Hofu yao ilikuwa na sababu, lakini sisi watoto na wajukuu ndio tuliolipa deni lake. Na Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zaid bin Thabit, angali kijana, ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee barua zao. Imepokewa kwamba alijifunza kwa muda wa nusu mwezi hivi. Kujua lugha ya wengine hakukutoi katika dini yako.

Tatu, unene wa silabusi. Mimi nilikulia chuoni. Mwalimu hakutupa msahafu mzima siku ya kwanza. Alituandikia mistari michache juu ya ubao. Ukiihifadhi, unauosha ubao, unaandikiwa mingine. Kurani yenyewe ilishuka kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23. Basi somo la leo lisome leo, lisingoje mtihani.

Nne, tafuta Haruni wako: mwenzako wa kusoma naye usiku, na aliyekutangulia mwaka mmoja akufafanulie. Waulize Waislamu walioko huko wanaswali wapi Ijumaa. Somo likigongana na sala, zungumza mapema na mkubwa wa promosio. Usinunue pointi kamwe, kwa fedha wala kwa mwili. Siku moja mgonjwa atalala mbele yako, na pointi ya kununua haitamponya. Ukianguka, kuna sesheni ya pili. Mwambie mama yako ukweli, usimfiche. Dua ya mama haingoji matokeo.

Na sisi wazazi na wazee wa msikiti, tusimwache Musa peke yake. Tumuulize mtoto aliye mbali: amelala wapi, amekula nini, ana taa ya kusomea? Kijana yule anasafiri Jumatatu. Leo baada ya sala tutakusanya fedha za silabusi zake, kila mtu kwa uwezo wake.

Ee Mola wetu, wakunjulie vifua watoto wetu wanaotafuta elimu, wafungulie ndimi zao, wape wenzi wema, na uwarudishe kwetu wakiwa na manufaa kwa watu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.